Mpishi Hahesabiki

Mimi sipendi mtu anayebishana kuhusu muvi ambayo hajaiangalia. Mzee Evaristi alikuwa ameangalia zote, ndiyo maana nilimvumilia.

Nina duka hapa Majengo. Upande mmoja nachapa barua na kutoa fotokopi, upande wa pili naweka muvi kwenye flashi za watu. Kila Jumamosi saa nane mchana, akishamaliza mafundisho ya kipaimara, Mzee alikuwa anakuja na baiskeli kutoka Kasense. Anafika mlangoni, anavua kofia, anaitikia shikamoo yangu, anakaa kwenye kiti cha plastiki chenye ufa, tunaanza kubishana. Alikuwa katekista kwa miaka thelathini na mbili, mtu wa kuheshimika mpaka parokiani, lakini ugonjwa wake ulikuwa Ngome ya Chumvi.

Kwa asiyeijua, Ngome ya Chumvi ni filamu tano kubwa za Kapteni Doran na ukoo wake. Halafu wenyewe wakatoa nyingine ya pembeni, inaitwa Mpishi. Huyo mpishi, mama mmoja, kwenye ile filamu ya pili anaonekana mara moja tu: anampa Kapteni mkate, basi, kwaheri. Sasa wakamtengenezea filamu yake peke yake, eti kumbe ndiye aliyemficha Kapteni kwenye ghala la unga adui walipoingia, eti bila yeye ngome isingekuwepo.

"Ile haihesabiki, haimo kwenye zile tano," nilimwambia Mzee siku ya kwanza kabisa.

"Kwa nini isihesabike, na walioitengeneza ni wale wale?"

"Kama ni kweli, mbona Kapteni hamtaji? Filamu tano, Mzee. Tano! Anataja farasi wake, anataja mpaka upanga wake uliovunjika. Huyo mama hata asante hapewi."

"Labda anamkumbuka, ila hawezi kusema."

"Basi si mwanaume huyo."

Mzee alikohoa, akageuka kuangalia mashine ya fotokopi kama vile inamwita.

Niseme tu, maana mafumbo sina. Mzee Evaristi alikuwa baba yangu.

Mama yangu, Dominika, aliniambia nikiwa na miaka kumi na tano, tukiwa tunachambua maharage ya kupeleka sokoni. Alisema, "Baba yako ni katekista wa Kasense. Ana mke na watoto sita. Usimwendee." Sikumwendea. Wanasema kitanda hakizai haramu. Basi mimi sijui nilizaliwa wapi. Wiki ya tatu baada ya kumzika mama, yule mzee akatokea dukani kwangu na karatasi ya sala, anataka nakala kumi. Jumamosi iliyofuata akaja tena, safari hii hana hata karatasi. Akauliza kama nina muvi nzuri.

Miaka sita tulikaa hivyo. Mimi sikusema "baba", yeye hakusema "mwanangu". Tulibishana kuhusu Mpishi.

Wateja walikuwa wanatuona vichaa. Siku moja Mboje, Msukuma mmoja mwenye ng'ombe wengi huko bondeni, alikuwa anasubiri flashi yake ijae, akachoka kutusikiliza. "Mama," akaniambia, "ndama akizaliwa porini, jioni unamwacha huko huko?"

"Muvi si ng'ombe, Mboje."

"Sijui mambo ya muvi. Mimi nauliza ndama."

Mzee alicheka mpaka akatoa kitambaa. Alijifuta macho kwa muda mrefu kuliko kicheko chenyewe.

Sasa, kitu ambacho Kasense yote inakijua: mtu akifa kule, wasifu wa marehemu ulikuwa unaandikwa na Mzee Evaristi. Alizaliwa lini, alibatizwa lini, alifunga ndoa na nani, ameacha watoto wangapi na majina yao. Hakuwa anakosea hata koma. Mwaka juzi presha ilimlaza wiki mbili, na alipoinuka alikuja dukani akasema, "Coleta, washa kompyuta. Wenzangu wote nimewaandikia. Wasifu wangu nikiwaachia watu, watadanganya."

Nikawasha. Alisema, nikachapa. Kuzaliwa, kubatizwa, shule ya misheni, ndoa na mama Justina. Halafu akafika mahali pa watoto. Nilikuwa nakijua kinachofuata, hata nyie mnakijua.

"Marehemu ameacha mjane, watoto..." Akavuta pumzi. "Watoto sita, na wajukuu kumi na wawili."

"Majina?"

"Majina usiweke. Yatachosha watu."

Mtu ambaye kwa kila marehemu alitaja mpaka mjukuu wa miezi miwili! Hasira zilinipanda mpaka masikioni. Nilichapa "saba", nikatoa nakala, nikaikunja, nikampa bila kumwangalia.

Alirudi Jumamosi iliyofuata na ile karatasi imejaa kalamu nyekundu. Alikuwa amesahihisha mwaka wa kipaimara. Aliongeza koma mbili. Mahali nilipobonyeza nafasi mara mbili, alizungushia duara. Nikafungua ukurasa wa pili. Watoto saba. Hapakuwa na alama yoyote.

"Umesoma yote, Mzee?"

"Yote."

"Na ukurasa wa pili?"

"Nimesoma, Coleta." Alikuwa anaizungusha kofia mikononi. "Rekebisha nilipoweka wino. Kwingine acha kama kulivyo."

Nikasema naenda kutafuta karatasi nyuma. Nililia kule katikati ya maboksi, nimeuma khanga ili asisikie.

Aliondoka na nakala safi, ile ya wino ikabaki kwangu. Tangu siku ile nikaanza kusubiri. Mungu anisamehe, nilikuwa nasubiri mazishi ya baba yangu. Sikutaka afe, jamani, nilikuwa namfungia mpaka dawa zake kwenye bahasha na kuandika saa za kumeza. Lakini nilijua ipo siku moja ambayo watu wa Kasense watakaa kimya na neno moja litasomwa mbele yao, na neno hilo nitakuwa mimi.

Alifariki mwezi wa sita mwaka huu, baridi ikiwa kali, upepo unakata. Nilikwenda Kasense, nikakaa nyuma kabisa kwenye mikeka ya wanawake. Aliyesoma wasifu ni Benjamini, mtoto wake wa kwanza, mwalimu, ana sauti ya baba yake kabisa. Alisoma vizuri, taratibu. Akafika pale.

"Marehemu ameacha mjane, watoto saba..."

Nilikuwa mtoto wa Evaristi kwa muda wa pumzi moja. Watu wakaanza kugeukiana. Benjamini akakatiza kusoma, akaitazama karatasi, akaisogeza karibu na macho.

"Samahani. Watoto sita. Ni kosa la uchapaji."

Wengine wakacheka kidogo, kile kicheko cha msibani. Mama aliyekaa pembeni yangu akaninong'oneza, "Hawa wa kuchapa siku hizi hawako makini kabisa."

"Hawako makini," nikasema.

Ile karatasi ya kalamu nyekundu nilikuwa nayo kwenye mkoba. Mdomo wangu mnaujua, siku nyingine ningesimama na kuwatoa jasho. Lakini nilimwona mama Justina amejifunika blanketi, amekuwa mdogo kama mtoto, nikashindwa. Walipoita watoto wa marehemu waweke shada, walipita sita. Mimi nilipita na marafiki.

Wiki nne baadaye Benjamini akaja dukani. Jumamosi, saa nane ile ile. Nilipoona kivuli mlangoni moyo uliruka, mjinga mimi. Alitaka nakala mia za wasifu kwa ajili ya misa ya arobaini.

"Na lile kosa ulirekebishe, dada Coleta. Liliniaibisha."

Nikafungua droo, nikamwekea ile karatasi mezani. "Mwandiko wa nani huo?"

"Wa baba."

"Soma mpaka mwisho."

Akasoma. Akarudia ukurasa wa pili. Niliona kidole chake kinapita juu ya zile koma nyekundu, kwenye duara la nafasi, kikafika kwenye "saba" na kukaa pale pale. Hakuniuliza wa saba ni nani. Aliniangalia paji la uso, pua, kidevu, kama anayetafuta kitu alichokipoteza mwenyewe, halafu akainamisha macho.

"Mama bado yuko hai," akasema.

"Sijasema kitu."

"Presha yake si nzuri. Mwezi mmoja tu umepita. Niandikie sita, dada. Nakuomba."

"Mimi sifuti." Nikamgeuzia kibodi. "Wewe ni mwalimu, unajua kuandika. Futa mwenyewe."

Akavuta kile kiti chenye ufa, akasita, akakiacha, akachapa akiwa amesimama. Alifuta kwa kidole kimoja. A ikaondoka, b, a nyingine, s. Nilisimama nyuma yake nikiangalia. Pakabaki pengo na ule mstari mdogo unaowaka na kuzima. Kidole chake kilikwenda mpaka kwenye s, kikarudi. Kikaenda tena. Nje mtu alikuwa anapunguza bei ya viazi kwa kipaza sauti.

Hakuandika kitu. Alivuta maneno yakasogeleana, akafuta koma, na hesabu ya wajukuu pia. Marehemu ameacha mjane, watoto na wajukuu.

"Toa hivyo hivyo," akasema.

Mashine ikatoa mia. Tulisimama tunaisikiliza. Alipochukua bahasha yake aliuliza, bila kugeuka, "Baba akija hapa alikuwa anakaa wapi?"

Nikamwonyesha kiti. Alikitazama sana. Halafu akatoka, akawasha pikipiki.

Sikutoa moja kwenye zile mia. Nilichapa ya mia na moja, nikaiweka droo moja na ile nyekundu. Nikafunga mlango nusu, wateja wapite.

Sasa nikiri. Ile filamu ya Mpishi sikuwahi kuiangalia. Miaka sita nilimbishia mzee wa watu kwa maneno aliyonisimulia mwenyewe, na alijua, maana hakuwa mtu wa kupitwa na kosa. Nikaiweka, nikavuta stuli, kile kiti nikakiacha wazi.

Ni filamu ya taratibu. Mama anakanda unga, anazeeka. Mwishoni kabisa wanamsimika Kapteni uwanjani, tarumbeta, ndugu zake wote wanatajwa, na yeye yuko jikoni anasikia kwa mbali. Halafu Kapteni anapita kwenye mlango wa jiko. Hasemi kitu. Filamu tano hajawahi kuvua kofia mbele ya mtu, hata mbele ya mfalme. Anaivua pale mlangoni, anasimama kidogo, anaendelea na safari.

Nikageukia kile kiti.

"Haya, Mzee, inahesabika," nikasema. "Umeshinda. Njoo basi unicheke."