Nyumba Isiyohama

Majirani walimwita Bi Kisasa, na jina lilimkaa kama nguo iliyopimwa mwilini. Alikuwa na duka la mapazia, na kila mtindo ulioingia mjini ulipiga hodi kwanza sebuleni kwake. Zilipokuja karatasi za ukutani zenye maua, alibandika. Maua yalipomchosha, akabandua akaweka vioo. Dari ilikwisha kushushwa na kupandishwa, jiko lilikwisha kuunganishwa na sebule, likatenganishwa, likaunganishwa tena kwa kidaraja kimoja cha kushuka, eti jiko lipate heshima.

Mumewe, fundi wa kushona suti, aliyachukulia yote kwa mzaha. "Mimi nikienda kununua uzi," aliwaambia wateja wake, "nikirudi nabisha hodi kwanza. Nani ajuaye kama bado ni kwangu?" Siku hizi hata wateja hakuwa nao. Alikuwa amefunga karakana, akisema mgongo umechoka kuinama.

Binti yao alipojifungua, Bi Kisasa alifunga safari kwenda kumtunza. Kabla ya kuondoka alimwita Sementi, fundi ujenzi wao wa miaka yote, akamwonyesha picha kwenye simu: sakafu ya vigae vyeusi vinavyong'aa, dari ya jipsamu yenye taa zilizofichwa za kubadilika rangi, ukuta mmoja wa vioo vitupu.

"Nikirudi nataka nikiinama nijione uso," alisema.

"Utajiona mpaka meno ya nyuma, mama," Sementi akamjibu.

Mumewe alikuwa amekaa pale pale kochini. Alikohoa tu.

Miezi ikapita, mjukuu akaanza kucheka na watu, na Bi Kisasa akarudi nyumbani alasiri moja, mkoba begani na moyo ukimwenda mbio kama wa bibi harusi. Akafungua mlango. Akasimama. Akarudi nyuma hatua kadhaa, akautazama ukuta wa nje kuhakikisha hajakosea nyumba.

Hakuwa amekosea. Ila ndani hamkuwa na kitu. Kuta zilikuwa nyeupe kama maziwa, basi. Sakafu ilikuwa terazo ya kijivu, iliyofifia, isiyong'aa hata kwa dawa. Dari tambarare. Milango na fremu zake vilipakwa bluu nzito kama sare za shule. Vioo vyake, hakuna. Meza yake ya kioo, hakuna. Ukutani, kuanzia ukumbini hadi jikoni, ulipita ubao mrefu wa mviringo uliolainishwa, usio na kazi yoyote aliyoijua yeye.

Mkoba ulimponyoka begani. Macho yalimtoka pima.

"Tumeibiwa!" alipiga kelele. "Mume wangu, tumeibiwa nyumba!"

Mumewe akatokea jikoni, akitabasamu, mkono mmoja ukiteleza juu ya ule ubao. "Umefika? Pole na safari. Mtoto anafanana na nani?"

"Usiniulize mtoto! Hii ni nini? Hospitali? Vigae vyangu viko wapi?"

"Vimerudi dukani."

"Kwa amri ya nani?"

"Yangu."

Katika ndoa yao yote mwanamume huyu hakuwahi kuchagua hata rangi ya ndoo. Bi Kisasa alihisi damu ikimpanda kichwani. Akampigia simu Sementi, na kwa kuwa Sementi alikuwa na kazi mtaa huo huo, alifika na suruali yake ya chokaa kabla hasira haijapoa.

"Nilikupa picha," Bi Kisasa alimwambia, mikono kiunoni. "Nilikupa picha kila pembe!"

"Mama, mimi nafuata maneno ya mwenye nyumba."

"Na mwenye nyumba ni nani?"

"Hapo ndipo mnaponichanganya siku zote."

"Basi kesho unabomoa. Hiyo terazo, huo ubao wa kufungia ng'ombe, yote! Unaanza upya."

Sementi alimgeukia mzee, na sauti yake ikashuka. "Mzee, mwambie. Mimi siwezi kuendelea kumficha mama."

"Aniambie nini?"

Mumewe akapapasa mkono wa kochi, akakaa taratibu.

"Jicho la kushoto limekwisha," alisema. "La kulia limebaki kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Ni presha ya macho. Daktari anasema dawa zitalichelewesha, hazitalirudisha."

Bi Kisasa alicheka. Kicheko kilimtoka chenyewe, kikavu, kisha kikakatika. "Si mgongo?"

"Mgongo ni mzima. Nilianza kukosa tundu la sindano. Kisha nikakata kitambaa cha mteja nikaacha mkono mmoja mfupi. Nikafunga karakana."

Bi Kisasa alikaa chini palepale, juu ya sakafu aliyotaka kuibomoa. Kichwani yalipita mambo aliyoyaona bila kuyaona: chai iliyomwagwa pembeni ya kikombe, majirani waliompungia mkono akawapita, jinsi mumewe alivyomhamishia kila mara upande wa kulia walipotembea. Analala na mtu huyu kitanda kimoja. Huchagua mapazia ya watu wasiomhusu kwa kuangalia rangi ya macho yao!

Kisha likamchoma jingine. "Kwa hiyo Sementi alijua kabla yangu?"

"Sikumwambia. Alinikamata."

"Ni kweli, mama," Sementi alisema. "Tulipolaza vigae vyako vichache vya mwanzo, mzee alifika mlangoni akagoma kuingia. Akaniuliza kwa nini nimechimba shimo. Nikamwambia hakuna shimo, ni sakafu inang'aa. Akanyoosha mguu kupima, kama mtu anayeogopa maji. Kesho yake akaanguka kwenye kile kidaraja cha jikoni. Nikakivunja siku hiyo hiyo, sikungoja amri ya mtu."

"Kwa nini hukuniambia mimi?" Bi Kisasa alimuuliza mumewe.

"Ungelia. Halafu ungenunua vitu."

Sementi aliangalia viatu vyake ili asicheke. Mzee akaendelea, "Nimewavalisha watu suruali pana, nikazibana, nikazipanua tena. Sikuwa na neno, mitindo ilinilisha. Lakini siwezi kukariri nyumba inayohama, mke wangu. Nimechagua vitu ambavyo hata wewe havitakuchosha, kwa kuwa havikupendezi tangu mwanzo. Nataka niijue ningali naona kidogo, nikishaijua ibaki hivyo hivyo."

Bi Kisasa alilia, kama alivyotabiriwa. Alipomaliza alijifuta kwa upindo wa kanga, akasimama, akasema, "Nionyeshe."

Akamwonyesha: swichi zote usawa wa kiwiko, ubao unaokwenda bila kukatika kutoka chumbani hadi bafuni, bluu ya milango inayojitenga na weupe wa ukuta. Bi Kisasa alifuata nyuma, na muuza mapazia aliyemo ndani yake akaanza kuamka.

"Na kochi?" aliuliza ghafla. "Kochi la kijivu juu ya sakafu ya kijivu. Unalionaje?"

"Silioni. Nalitafuta."

Hilo lilimshtua upya. Asubuhi iliyofuata alileta sampuli za vitambaa kutoka dukani, akazitandaza kochini moja moja, akamsimamisha mumewe mlangoni. Rangi ya divai: kimya. Kijani cha zeituni, alichokisifia kwa wateja mwaka mzima: kimya. Mwishoni akatupa kipande cha rangi ya machungwa yaliyoiva kupita kiasi, kilichokaa rafuni miaka bila mnunuzi.

"Hapo!" mzee akapaza sauti. "Hapo kuna kochi!"

"Mungu wangu," Bi Kisasa akasema. Lakini alishona foronya zote za kochi kwa kitambaa hicho, na wageni walipokunja nyuso aliwakaribisha wakae.

Kujizuia hakukuwa rahisi. Siku moja alisogeza kabati kidogo tu ili dirisha lipumue, na mumewe akaligonga kwa goti mpaka akakaa chini. Bi Kisasa alilirudisha peke yake, akilisukuma kwa mgongo, akijitukana njia nzima.

Kisha ikaja asubuhi ambayo mzee aliketi kitandani akauliza, "Hujafungua mapazia?"

Yalikuwa wazi. Jua lilikuwa limemjaa kifuani.

"Nimefungua," alisema Bi Kisasa.

Mzee akashusha miguu, akainuka, akaushika ubao. Bi Kisasa alitaka kumrukia amshike mkono, akajishikilia ukingo wa kitanda. Akasikia nyayo zikienda ukumbini bila kusita, swichi ikibofywa kwa mazoea, bomba likifunguliwa, mfuniko wa birika ukigonga.

Halafu sauti, kali kidogo: "Umehamisha sukari?"

"Sijaigusa!"

"Mbona kopo liko hapa hapa na halina kitu?"

"Imekwisha tangu jana," Bi Kisasa alijibu, machozi yakimtiririka. "Kunywa chai hivyo hivyo, nakuja."