Sentensi za Kwanza

Msinicheke. Mtu anayejifunza Kiingereza ukubwani huota mapembe, na yangu nusura yamuue mama yangu mzazi.

Mwezi uliopita mama alivuka mpaka wa Kasumulu kwenda msibani kwa ndugu zetu wa Malawi. Huko mguu ukavimba, kumbe damu imeganda ndani, akalazwa siku tisa. Alirudi na mfuko wa dawa na barua ya daktari, ukurasa mmoja, Kiingereza kitupu. Ukoo mzima ukanigeukia mimi, Atupele, mama wa watoto watatu, ninayerudia masomo ya sekondari kila Jumamosi hapa Ngana.

Nikaisoma kwa mbwembwe. Mwalimu wetu, Generosa, Mhaya wa Bukoba, alikuwa ametufundisha kwamba aya ya Kiingereza haizunguki: jambo kubwa linakaa sentensi ya kwanza, zinazofuata ni maelezo na mifano tu. Basi nikachukua sentensi ya kwanza ya kila aya, nikatafsiri. Mgonjwa aliletwa akiwa na mguu umevimba. Amepewa dawa ya kuzuia damu isigande. Anaweza kula, kutembea na kufanya kazi zake kama kawaida. Tunawashukuru kwa kuendelea kumtunza. Aya nne, sentensi nne, ukoo ukapiga makofi. "Ndaga, mwanangu," mama akanishukuru, huku anafuta machozi. Barua nikaibana kwenye daftari langu.

Jumamosi iliyopita mama akaamka na jino. Akasema anakwenda Kyela mjini kuling'oa, limemchosha. Nilimpandisha bodaboda mimi mwenyewe, mikono yangu hii. Simu yake aliniachia nimchajie shuleni, nami nikaenda darasani.

Siku hiyo Generosa akaja na jingine. "Si kila aya inatanguliza jambo lake. Nyingine zinafanya kama wazee wenu wa huku wakija kuposa."

Tulicheka, maana ni kweli. Mshenga kwetu ataulizia migomba, ataulizia ng'ombe, atasifia maziwa, na jua likishageuka ndipo aseme kwamba amefuata binti.

"Mwanzo wake ni wa kukukaribisha tu," akaendelea. "Ukikutana na however, ile lakini yao, kaa sawa. Mzigo uko nyuma yake."

Nikaacha kucheka. Hiyo lakini nilikuwa nimeiona mahali. Nikaifungua barua chini ya dawati. Aya ya tatu, ile ya kula na kutembea, sentensi ya pili: hii hapa, imekaa. Maneno yaliyofuata yalinishinda, nikainuka mbele za watu nikampelekea mwalimu karatasi.

Alisoma kimya, kisha akaniangalia. "Mama yako yuko wapi?"

"Amekwenda kung'oa jino."

"Mungu wangu! Wanasema asing'olewe jino wala asikatwe popote kabla hajapimwa damu. Kwa dawa hii atavuja damu isikome. Kimbia, Atupele!"

Gwamaka wa bodaboda alikuwa getini. Akaanza kuniuliza habari za nyumbani. "Endesha, mjomba, utaniuliza baadaye!" Mvua ya alfajiri ilikuwa imeharibu barabara, tairi linateleza, mbele yetu lori la mpunga limeziba njia. Gwamaka akapita pembeni, nusura tukanyage kakao ya watu iliyoanikwa. Mchuma janga hula na wa kwao, na hapa nimechuma mimi, anayekwenda kula ni mama. Nilijitukana njia nzima.

Kwenye benchi la kliniki ya meno mama hakuwepo. Sikubisha hodi. Nikausukuma mlango, nikamkuta kwenye kiti, mdomo wazi, na daktari Wilbroad ameshika koleo.

"Usimguse!"

"Wewe mama, toka nje!" alinifokea.

Nikampa barua. Aliisoma mpaka chini, hakuruka mstari. Akaweka koleo kwenye sinia taratibu, akavua glavu.

"Nilimuuliza kama anatumia dawa yenye masharti," alisema. "Akaniambia barua imesomwa nyumbani, hakuna sharti lolote."

Heri angenizaba kibao. Mama alikuwa ananitazama, shavu limekufa ganzi kwa sindano.

"Soma," akasema kwa shida. "Leo soma yote."

Nikasoma nimesimama palepale, sentensi moja moja, naiweka kwa Kiswahili, Wilbroad ananisaidia ninapokwama. Aya ya kwanza, ya pili, ya tatu yenye balaa lake. Nikafika ya nne. Tunawashukuru kwa kuendelea kumtunza. Nikakunja karatasi, mazoea tena.

"Bado," daktari akasema.

Nikaikunjua. "Wauguzi wetu walitaka kumweleza masharti ya dawa kwa Kingonde, ambacho anakielewa vizuri. Mgonjwa alikataa. Alisema tuandike yote kwa Kiingereza, kwa sababu binti yake anasoma Kiingereza na atamsomea."

Mama alikuwa ameinamisha macho kwa aibu, kana kwamba mkosaji ni yeye.

"Imeisha?" akauliza.

"Imeisha, mama," nikamjibu, na kilio kikanitoka.