Punje Kafika Salama

Punje alizaliwa wa mwisho, mdogo mno hata angetosha kwenye kikombe cha chai. Mbwa aliyemzaa alimsukuma kando kwa pua. Aliyemwokota ni Mama, mwenye nyumba, akamnywesha maziwa kwa bomba la sindano na kumtia kifuani ndani ya gauni. Akapika naye, akafua naye.

"Mama, umezaa tena uzeeni?" mwanawe alimtania.

"Nimezaa. Na huyu hana kelele kama zako."

Mwanawe huyo walimwita Bosi tangu utotoni, kwa kupenda kutuma watu. Sasa alikuwa bosi kweli, wa biashara yao ya kuuza watoto wa mbwa. Ndiye aliyetafuta wanunuzi wa mbali, akapanga ndege, akawakatia watoto wa mbwa bima ili wakifa njiani kampuni ilipe. Mengine yote alifanya Mama. Kabla ya safari aliwalisha siku kadhaa ndani ya kizimba cha kusafiria, mlango ukiwa wazi, mpaka wakakiona ni kwao. Maji aliyagandisha kwenye bakuli, yasimwagike wakati wa kupakia, yayeyuke taratibu huko angani. Dawa ya usingizi hakutaka hata kuisikia. Daktari wa mifugo alishamwonya kwamba kitoto cha mbwa kilicholewa dawa kinaweza kushindwa kupumua ndani ya ndege.

Ndiyo maana mmoja wao, jike mwekundu, alipofika kwa mnunuzi akiwa maiti, Mama alilia mpaka akaugua. Bosi alimletea chai kitandani, akampapasa mgongo.

"Usijilaumu, Mama. Bima imelipa."

Mama akamshukuru Mungu kwa kumpa mtoto mwenye moyo.

Punje naye akapata mnunuzi, mwalimu mstaafu wa nchi nyingine, aliyesema udogo haumsumbui. Safari hii Bosi alimwambia Mama apumzike, kila kitu ameandaa mwenyewe. Siku ya ndege akaingia kuoga. Mama, aliyetaka kuaga tu, akafunua shuka lililofunika kizimba.

Matundu ya hewa ya upande mmoja yalikuwa yamezibwa kwa karatasi ya gundi. Bakuli lilikuwa kavu. Kwenye kipande cha nyama ambacho Punje alikuwa bado anakinusanusa, kidonge cheupe kilichomoza.

"Masikini mwanangu," Mama alijisemea, "kazi zimemzidi, hajui hata anachofanya."

Hakutaka kumwaibisha. Alikitupa kidonge, akabandua gundi, akafunga bakuli la barafu, akamtandikia Punje kipande cha blanketi alilolalia na nduguze. Akarudisha shuka lilivyokuwa. Bosi alitoka bafuni akipiga mluzi, akabeba, akaenda.

Kesho yake simu ya Bosi iliita mezani wakiwa wanakula. Sauti ya mwalimu ikajaa chumba.

"Kafika! Kanikojolea kiatu, halafu kakalala juu yake! Mwambie mama yako ana mikono ya baraka!"

Mama alipiga makofi. Bosi alikata simu, akakaa kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

"Nani kagusa kile kizimba?"

"Mimi, baba. Ulikuwa umechoka, ukasahau..."

"Nikasahau!" Akacheka, cheko kavu. "Yule mzee kakanunua kale kadudu kwa bei ya kutupa. Bima nimekakatia kama mbwa wa mashindano. Kangefia njiani tungepumua mwaka mzima. Wewe na huruma zako, umeniponza!"

Mama aliweka kijiko chini.

"Na yule mwekundu?"

Bosi akaichezea simu.

"Alikuwa na nyonga mbovu, Mama. Nani angemtaka?"

Chai ile ya kitandani ilimrudia Mama kooni, chungu kama shubiri. Watoto wa mbwa wengine wanne walikuwa wanangoja zamu yao ya kusafiri.

Asubuhi alimpigia binti wa kampuni ya bima, ambaye kila wakiongea humwamkia kwanza na kumuuliza habari za magoti yake.

"Mwanangu, mbwa wa hapa wana ugonjwa. Usiwakatie bima tena."

"Ugonjwa gani, Mama?"

"Mbaya."

"Nikiandika hivyo hakuna ndege itakayowabeba. Hata wanunuzi watakimbia."

"Andika."

Binti akaandika. "Haya, Mama. Na magoti yanaendeleaje?"

Hapo ndipo Mama alipolia.

Adhuhuri Bosi alikuwa ameshapata habari. Alivuta sanduku lake mpaka barazani.

"Umenikatia riziki kwa ajili ya mbwa."

"Ningesema kweli, ungefungwa."

"Kwa hiyo nikushukuru?"

"Nilitaka ubaki na mimi."

"Baki na hao."

Watoto wa mbwa wanne walizijua hatua zake. Walimkimbilia wakitikisa mikia, wakang'ang'ania kamba za viatu. Bosi akatua sanduku, akainama, akawaondoa mmoja mmoja kwa upole, kiganja chini ya tumbo, namna Mama alivyomfundisha alipokuwa mdogo. Akawaweka ndani ya lango, akalifunga yeye akiwa nje.