Ramani ya Darasa la Sita

Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Kipriani, aliisoma ramani kwa kidole, polepole, kama mtu anayesoma barua ya wito. Wanafunzi tisini na wawili wa darasa la sita walikuwa bado wamesimama, kwa sababu hakuna aliyewaambia waketi. Chaki ilikuwa imelowa jasho mkononi mwa Mwalimu Loyce.

Ramani ilibandikwa ukutani kwa ugali. Ndiyo, ugali, gundi ya shule huishia kwenye bajeti. Kwa wiki mbili watoto waliufuata mto kutoka shuleni hadi kwenye chemchemi, wakihesabu hatua. Mada ilikuwa kutunza mazingira, na mfano wa kitabuni ulikuwa msitu wa nchi nyingine kabisa. Loyce aliona huo ni upuuzi. Akawaambia: choreni mnachokiona, si mnachoambiwa. Sasa aliyakumbuka maneno hayo.

Duara ni kisiki. Pembetatu ni tanuri la matofali. Visiki vilikuwa mia moja na arobaini, vimeizunguka chemchemi iliyokauka tangu Julai, na katikati yake pembetatu tatu. Kila mtu kijijini alijua matanuri yale ni ya nani. Hakuna aliyewahi kuyachora.

"Kazi nzuri," alisema mwenyekiti. "Nani kachora?"

Mwalimu mkuu, Tamimu, aliyebaki mlangoni, akakohoa. "Ni watoto tu, mwenyekiti. Michezo ya watoto."

"Nimemuuliza mwalimu."

"Tumechora wote," alisema Loyce.

"Wote hawawezi kushika kalamu moja. Wewe mgeni wetu, mwalimu, umetoka Singida. Huo msitu wa chemchemi umeujulia wapi? Kuna mtu kakuonyesha njia."

Loyce aliogopa. Kuhamishwa hakukumtisha sana. Angefunga begi lake na godoro akaondoka. Aliogopea dawati la tatu. Hapo alisimama Josephina, mchoraji. Walipokuwa wakijaza fomu za wanafunzi, mama yake alikuja akamshika Loyce mkono: baba wa mtoto alivuka mpaka akiwa mchanga, amebebwa mgongoni, hana karatasi yoyote, na tangu kambi za wakimbizi zianze kufungwa ni mwenyekiti anayewaandikia maofisa nani mwenyeji na nani si mwenyeji. Familia mbili za bondeni zilikwisha kupakiwa kwenye lori. "Andika baba kazaliwa Kasulu, mwalimu, nakusihi. Mtoto mwenyewe hajui kama ni hatari." Loyce akaandika Kasulu.

"Basi tuwaulize wenyewe," alisema mwenyekiti, akatabasamu. "Nataka kumpongeza aliyechora."

Josephina akanyoosha mkono. Jana tu mwalimu alimsifu mbele ya wenzake.

"Mimi."

"Shikamoo haipo?"

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba. Jina?"

"Josephina Niyitegeka."

"Niyitegeka." Mwenyekiti alilitafuna jina hilo taratibu. "Unajua sana ramani, mwanangu. Njoo hapa mbele. Hii ni Afrika Mashariki. Nionyeshe alikozaliwa baba."

Ramani hiyo ya pili ilikuwa imechorwa ukutani kwa rangi ya mafuta, mipaka yake minene, myekundu. Loyce alifungua kinywa aseme Kasulu. Neno lenyewe lilikuwa fupi, na tayari alikwisha kuliandika kwa kalamu ya wino. Akamtazama mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu alikuwa akitazama viatu vyake. Mwenye nguvu mpishe, husema watu, na Loyce alisikia miguu yake ikirudi nyuma yenyewe mpaka mgongo ukagusa ubao.

Msichana alianzia Kigoma, kama alivyofundishwa, kutoka mahali unapopajua. Akapandisha kidole kaskazini, akauvuka mstari mwekundu bila kusita, akasimamisha kidole.

"Hapa. Bibi alinisimulia, kuna kilima na mto mdogo."

"Vizuri." Mwenyekiti hakumtazama mtoto. "Mwalimu, kapata au kakosa?"

Josephina aligeuka. Alikuwa akimsubiri mwalimu wake, macho yanang'aa.

"Amepata," alisema Loyce, kwa sauti ambayo hata yeye hakuisikia vizuri.

"Basi mpigieni makofi mwenzenu."

Darasa zima likampigia makofi, matatu matatu, kama walivyozoea kumpigia kila anayejibu sahihi.