Kitana cha Shangazi kwenye Njia ya Kaktasi

Getini pana bango kubwa: vaa viatu vya kufunika mguu, beba maji, usitoke njiani. Mchumba wa binti wa kaka yangu alilisoma akacheka. Njia yenyewe fupi, akasema, kama kutoka sebuleni kwenda jikoni. Basi mheshimiwa akaingia jangwani na ndala na simu.

Asubuhi alikuwa amenionyesha pete kwa siri. Angemvisha binti mwisho wa njia. Binti naye alishaninong'oneza kwamba akiulizwa leo atajibu leo, ila moyo haujatulia. Mimi, shangazi mtu, nikabeba mkoba na kufunga mdomo.

"Shangazi, unahama? Humo kuna nini?"

"Kofia, maji yangu na kitana."

"Kitana. Kumbe tunaenda saluni."

Nikacheka. Ningefanyaje, na ndiye mkwe mtarajiwa?

Hata nusu hatujafika, ameshaomba maji ya binti, na chupa ikahamia kwake moja kwa moja. Akaona kaktasi yenye maua, akatoka njiani apige picha. Pande la miiba likabanduka kwenye mmea, likamng'ang'ania kwenye shavu la mguu. Alitaka kuling'oa kwa mkono, nikamzuia. Nikapenyeza kitana kati ya ngozi na miiba, nikalirusha mbali. Alilia, jamani. Mwanaume mzima alilia mpaka nikamwonea huruma, kidogo.

Binti akapiga magoti kwenye mchanga wa moto, akamfuta damu kwa leso yake. Bwana akajimwagia maji mguuni, akamalizia yaliyobaki kwa mafunda mawili.

"Nina kiu," binti akasema.

"Vumilia kidogo, geti si mbali."

Chupa yangu ilikuwa mkobani. Sikuitoa. Nilitaka nione mwisho wake.

Naye, kwa kuwa binti alikuwa bado amepiga magoti mbele yake, akaona wakati ndio huo. Akatoa pete. "Utakubali nikuoe?"

Binti akaitazama pete, akaitazama chupa.

"Umenibakishia?"

"Nini?"

"Basi," akasema, akasimama, akajikung'uta mchanga.

Hapo ndipo nikampa maji yangu. Akanywa taratibu, akiwa amempa bwana mgongo. Kisha tukaongozana kwenda getini, mimi na mwanangu. Kitana nilimwachia bwana. Si alisema njia yenyewe fupi, kama kutoka sebuleni kwenda jikoni?