Mshale Uliokataliwa na Kamati Ndogo

Kamati ya Ushauri wa Ushirikishwaji na Elimu ya Watu wa Asili ilikuwa na wajumbe tisa, jina lisilotosha kwenye bahasha, na kazi moja: kushauri. Haikuamua, haikukataa, haikuzuia. Ilishauri tu. Ikishashauri, mwenyekiti wake, Dakta Alistair Penhallow, Makamu Mkuu wa Chuo, aliweka mkono kifuani, akainamisha kichwa kidogo na kusema, "Tumepokea." Baada ya hapo hakuna aliyekiona tena kilichopokewa.

Delphine Yellowknee alikuwa amekishauri Chuo kwa miaka sita. Alifundisha Kikrii, lugha ya mama yake na ya wenyeji wa asili wa nyika ile, katika chumba cha chini cha jengo la kilimo, mlango wa pili baada ya stoo ya mbegu. Jumanne hiyo ya Septemba aliingia kikaoni akiwa na jambo moja rohoni. Somo lake lilikuwa na wanafunzi tisa, na kanuni ilidai kumi. Usajili ulikuwa unafungwa Ijumaa saa sita mchana. Mwaka juzi halikufikisha kumi, mwaka jana halikufikisha, na likishindwa mara ya tatu linafutwa kabisa kwenye kitabu cha masomo. Kulirudisha kungehitaji idhini ya kamati nne, na Delphine alikuwa na miaka sitini na sita. Alijua hesabu hiyo ingeishia wapi.

Kikao kilianza kwa Penhallow kusoma tamko la ardhi: kwamba Chuo kimesimama juu ya ardhi ya mababu wa Wakrii, kwamba Chuo kinatambua, kinaheshimu na kunyenyekea. Alisoma vizuri, kwa sauti ya mtu aliye msibani. Ambrose Moostoos, mzee wa kijiji cha Ziwa la Mwewe, alikuwa amekaa karibu na dirisha akitazama chini. Huko nje mlinzi wa Chuo alikuwa anabandika karatasi ya faini kwenye kioo cha pikapu yake, kwa kosa la kuegesha bila kibali juu ya ardhi hiyo hiyo ya mababu zake.

"Mwone huyo anavyoninyenyekea," alimnong'oneza Delphine.

"Nyamaza, wewe mzee. Ukicheka na mimi nitacheka."

"Cheka tu. Meno yenyewe umebakiza mangapi?"

Ambrose alikuwa mtoto wa shangazi yake Delphine, na kwa Wakrii mtoto wa shangazi ni mtani wako mpaka kaburini. Usipomtania, watu watauliza mmegombana nini.

Ajenda ya kwanza ilikuwa somo. Delphine alisema kwa ufupi. Alisema mama yake alichapwa shuleni kwa kusema lugha hii, akarudi nyumbani, na alipozaa akawa anamfundisha binti yake kuiandika kwa kidole kwenye ukungu wa kioo cha dirisha, ili mtu akigonga mlango ifutwe kwa kiganja. Alisema hakudhani angeishi kuona Chuo chenye mabango ya Kikrii kila korido kikikosa nafasi ya watu tisa wanaotaka kuyasoma.

Wajumbe wote tisa walinyoosha mikono: somo lisifungwe.

"Tumepokea," alisema Penhallow, na macho yake yalilowa kwa kweli. Hilo ndilo lililomuudhi Delphine zaidi ya yote. Yule mtu hakuwa mbaya. Mtu mbaya ungemtukana ukalala usingizi. "Lakini kumi ni kumi, Delphine. Kanuni haina moyo."

"Nani aliiandika?"

"Mimi. Lakini kwa kushauriana."

Ajenda ya pili ilikuwa kibao. Ukumbi mpya wa Chuo ulikuwa unazinduliwa Ijumaa hiyo saa tano, na jina lake lilikuwa Tapwe, yaani "kweli". Jina lilitoka kwa kamati, na kwa mshangao wa kamati, lilikubaliwa. Lingeandikwa kwa maandishi ya Kikrii peke yake, bila herufi nyingine, kwa kuwa mbunifu wa kibao, kijana wa Toronto, alisema herufi nyingine "zingechafua ukimya wa ukuta".

Sasa, maandishi ya Kikrii yana tabia yake. Alama ni ile ile, ila hubadili sauti kwa jinsi ilivyogeuzwa. Alama kama V ni pe. Ipindue ncha iwe juu, ni pi. Nusu duara lenye mdomo upande wa kulia ni ta. Mdomo ukiwa kushoto, ni to. Mtoto wa Delphine alijua hayo kabla ya kujua kufunga kamba za viatu. Kwenye mchoro wa mbunifu jina lilikuwa alama mbili tu za chuma, ta na pe, moja kando ya nyingine. Nukta zake, zinazoifanya pe isomeke pwe, zilikwisha kuondolewa, mbunifu akidhani ni uchafu wa karatasi. Kamati ilishauri nukta zirudishwe. Ushauri ulipokewa.

"Na ule ushauri wangu wa mwezi uliopita?" aliuliza Delphine. "Nilisema nyuma ya kibao uchorwe mshale mdogo, kumwonyesha fundi upande wa juu. Kikipinduliwa, si kweli tena."

Penhallow alifungua faili kwa furaha ya mtu aliyejiandaa. "Hilo tulilipeleka kwa Kamati Ndogo ya Alama Nyeti. Walilijadili vikao viwili. Wakaona kwamba mshale, katika muktadha wa Watu wa Asili, ni picha iliyotumiwa kuwadhalilisha. Upinde na mshale, mnaelewa. Hatuwezi kuuweka kwenye jengo hili."



"Unakaa nyuma ya kibao," alisema Delphine. "Unatazamana na ukuta."

"Hata hivyo, tungejua upo."

"Hiyo kamati ndogo ina Mkrii?"

"Ilishauriwa asiwekwe, ili asibebeshwe mzigo wa kihisia."

Ambrose alikohoa kikohozi kirefu ambacho hakikuwa kikohozi. Waswahili wamesema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu asiyesikia la mtu hawakumwekea methali, labda kwa kuwa guu linalovunjika hapo huwa la mwingine.

Siku mbili zilizofuata Delphine alizunguka kama muuza karanga. Alisimama kwenye mkahawa, maktaba, na hata mlango wa ukumbi wa mazoezi, akiwauliza vijana kama wana nafasi Jumatatu na Jumatano. Walimpenda sana. Walimwita Bibi, walisema lugha yake ni nzuri, walisema mwakani. Ijumaa asubuhi alifungua orodha akiwa bado na gauni la kulalia. Tisa. Akavaa sketi yake ya utepe, vazi la sherehe la Wakrii, akapika chai, akaiacha ipoe mezani bila kuionja.

Saa tano kamili hema lililosimikwa mbele ya ukumbi lilijaa. Watu wa Ziwa la Mwewe walikuja kwa basi, wazee mstari wa mbele wakiwa na mablanketi magotini, maana upepo wa nyika ulishaanza kuuma. Ngoma ilipigwa, sala ikasemwa, Penhallow akasoma tamko la ardhi, safari hii lenye ibara mbili za nyongeza. Kisha akavuta kamba, pazia likaanguka, na chuma kikang'aa ukutani.

Pito.

Fundi alikuwa amekifunga imara, kwa skrubu kumi na mbili, juu chini. V ilikuwa imesimama kwa kichwa, nusu duara limegeuka, na wa mwisho amekuwa wa kwanza. Kweli imepinduliwa, imesomeka pito, na pito kwa Kikrii si neno. Lingeongezwa sauti moja tu mwishoni lingekuwa "kitu cha ajabu", lakini hata ajabu yenyewe halikuifikia.

Wazee walitazama. Ambrose aliinamisha kichwa kulia, akakiinamisha kushoto, kisha akacheka. Si kile kikohozi cha kamatini. Alicheka mpaka blanketi likaanguka. Bibi mmoja nyuma yake akauliza, "Pito ndiyo nini, jamani?" na mstari mzima ukaangua kicheko, wanawake wakifuta machozi kwa ncha za vitambaa vya kichwani, mwingine akiomba ashikwe asianguke kitini.

Penhallow alifumba macho kwa raha. "Sikilizeni furaha hiyo," alisema kwenye kipaza sauti. "Delphine, njoo utusomee."

Delphine alisimama. Angeweza kusema tapwe, yakaisha. Wageni wasingejua, picha zingepigwa, fundi angeitwa jioni kimyakimya. Miaka sita alikuwa amewafunikia hivyo. Leo somo lake lilikuwa na saa moja kasoro ya kuishi, na hakuona kwa nini aendelee kuwatandikia wenzake kitanda ambacho yeye hakulalia.

"Pito," alisoma, kwa sauti ya darasani.

Hema lilipasuka kwa kicheko.

"Karibuni nyote Pito!" alipaza Penhallow, akidhani ndivyo Tapwe hutamkwa na wenyewe, na waandishi wa habari wakaandika.

Ilimchukua nusu saa kuanza kutilia shaka. Furaha ya watu huisha. Hii ilikuwa inaongezeka. Kwenye foleni ya mchuzi wa nyama ya mawindo na mkate wa kukaanga, kila alipopita watu walikaza midomo. Mtoto wa miaka mitano alimwonyesha kidole na kusema, "Pito!" Mama yake akamfunika mdomo, kisha akajifunika wa kwake.

Alimwendea Ambrose. "Mzee, wanacheka nini?"

"Ah, mimi mshauri tu, mkuu. Sina mamlaka ya kufafanua."

"Kuna nini na jina?"

"Hilo ni swali zuri. Nimelipokea." Na mzee akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa kidogo, akauma mkate wake.

Basi akamfuata Delphine, aliyesimama peke yake kando ya birika la chai akitazama saa yake ya mkononi. Ilikuwa saa tano na dakika arobaini na nane.

"Delphine, nakuomba. Wewe na mimi tunaheshimiana. Wanacheka nini?"

"Ilishaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao, Dakta. Za mwezi uliopita, na za Jumanne."

"Kumbukumbu zina kurasa sitini!"

"Basi kuna darasani. Ni somo la wiki ya pili."

"Niambie sasa hivi."

"Nikikwambia, utapokea." Alishangaa jinsi alivyokuwa mtulivu. "Nimekwambia mambo miaka sita, na yote umeyapokea. Wanafunzi wangu siwaambii. Nawafundisha, halafu nawatungia mtihani."

Penhallow aligeuka kulitazama hema. Watu mia tatu walikuwa wanajua kitu ambacho yeye hakijui, mbele ya jengo lake, chini ya jina alilolitangaza kwa mdomo wake. Ukweli usemwe, mtu yule alikuwa na digrii nne, na hapakuwa na kitu duniani alichokiogopa kama kuwa mjinga kwenye chumba cha watu wanaojua.

"Wafanyakazi huruhusiwa kusoma somo moja," alisema taratibu.

"Bila ada. Kanuni yako hiyo. Ni nzuri."

"Na ningekuwa wa ngapi?"

"Wa kumi."

Alimtazama. Kwa mara ya kwanza katika miaka sita Delphine aliona kwamba amesikiwa, na alimwona pia akipiga hesabu: kumi ni kumi. Kisha kule mbele bibi mmoja akasema tena lile neno, meza nzima ikalala kwa kicheko, na Penhallow akatoa simu mfukoni. Alikosea nywila mara mbili. Delphine alishika ukingo wa meza, akaomba kimoyomoyo kwa lugha ambayo Chuo kilikuwa kinaizika, mpaka simu ikalia kuthibitisha usajili. Saa tano na dakika hamsini na saba.

Delphine alitoka nje ya hema akalia kidogo nyuma ya basi, ambako hapakuwa na wa kumwona ila dereva. Ambrose alimkuta huko.

"Umempata?"

"Nimempata."

"Pole. Sasa utalazimika kumfundisha."

Na alimfundisha. Wiki ya kwanza walisoma salamu, na Makamu Mkuu alizisema kama anayetafuna kokoto, lakini hakukosa hata siku moja. Alikaa kiti cha mbele, kati ya msichana wa uuguzi na kijana wa kilimo, akaandika kila kitu kwa kalamu tatu za rangi. Jumatatu ya wiki ya pili Delphine aliandika V ubaoni. Akaandika V iliyopinduliwa. Akachora nusu duara mbili, akawaacha wafanye kazi.

Delphine alimwona Penhallow alipofika kwenye jibu. Kalamu ilisimama. Aligeuza daftari lake juu chini, kweli ikawa pito, akaligeuza tena, na wekundu ukampanda kutoka kwenye kola ya shati hadi upara. Darasa zima liliacha kuandika. Kisha akainua uso uliojaa uchungu wa kweli kabisa, uchungu wa mtu aliyesalitiwa na rafiki zake.

"Lakini Delphine," alisema, "mbona hamkunishauri?"