Ruka Hapo

Mhariri alilazimika kuja mwenyewe saluni, kwa sababu asubuhi Nukta haendi popote. Asubuhi anaandika, na anaandikia palepale, kwenye kona ya saluni ya shangazi yake, chini ya draya iliyokufa zamani na kugeuka kabati la vitana. Wako wanaosema riwaya inataka ukimya. Waacheni na ukimya wao.

Jina lenyewe la Nukta alilipatia humo humo, akiwa darasa la pili. Mikono ya msusi haina nafasi ya kushika kitabu, kwa hiyo shangazi alimkalisha kwenye kigoda, akampa riwaya iliyochakaa, akamwambia asome kwa sauti. Mtoto akasoma kila alichokiona: "Mjane akafunga mlango nukta. Hakulia nukta." Wateja walicheka mpaka vichwa vikamponyoka shangazi mikononi. Tangu siku hiyo, mtaani hapo mtu akitaka kukata maneno husema nukta, na ubishi unaisha.

Shule ile ya saluni ilikuwa na sheria zake. Mwandishi akieleza mawingu ukurasa mzima, shangazi husema bila kuinua macho, "Ruka hapo." Mvua tumenyeshewa wenyewe. Akianza kuhubiri, ruka hapo. Akimsifu mtu kupita kiasi, ruka hapo upesi. Ila kulikuwa na sentensi ambazo mteja akizisikia hugeuka ghafla, msuko unavutika, naye anapigwa kitana begani. Hizo ndizo Nukta alizojifunza kuzitafuta. Mpaka leo huvisomea rasimu yake vichwa vinavyosukwa, na kisichogeuza kichwa anakifuta. Anapenda vitabu vya upelelezi, vya mapenzi yenye ugomvi, na chochote kilichochanika jalada. Vile vinene vya falsafa anaviheshimu kama wakwe, kwa mbali.

Basi mhariri akaingia, kijana mtanashati, akikwepa nywele za sakafuni kwa viatu vyake vipya. Riwaya ya nne ya Nukta ilikuwa inapelekwa kwenye shindano kubwa, na shindano lilidai ukurasa mmoja kuhusu waliomlea mwandishi kisanaa. Kwa wema wake, mhariri alikuwa ameshamwandikia. Nukta akaupokea ukurasa, akausoma kwa sauti. Yalikuwa majina ya vigogo watupu. Kati yao Nukta aliwahi kumsoma mmoja tu, na huyo alimlaza usingizi. Kitini, mikononi mwa shangazi, alikuwapo nesi aliyetoka zamu, nusu ya kichwa imesukwa. Alisinzia tangu jina la pili.

"Umeona?" Nukta akasema.

Mhariri akaeleza kwa upole kwamba majaji ni wasomi, wakikuta neno msusi watadhani ni mzaha. Akakumbusha kuwa kitabu kitakachoshinda kitasomwa mashuleni, na kwamba vile vitatu vya mwanzo bado vinasomwa na panya ghalani. Hilo lilimchoma Nukta. Tusidanganyane, ushindi ule aliutaka sana.

Hata hivyo akanyanyuka, akatoa karatasi yake mwenyewe chini ya vitana. Alikuwa ameiandika wiki nzima na hakuwahi kumsomea shangazi, kwa aibu tu. Sasa hasira ilimpa ujasiri.

"Aliyenifundisha kuandika ni shangazi yangu, msusi," akasoma. "Alisuka vichwa vya watu akiwa amesimama, miguu imevimba, ili mimi nikae na kitabu."

Nesi akazinduka, akageuza kichwa. Kitana hakikumpiga. Mikono ya shangazi ilikuwa imesimama hewani.

"Ruka hapo," shangazi akasema.

Mhariri akadaka neno kama mpira. Si huyo, hata mwenyewe hataki kutajwa? Mambo yaishe, Nukta atie sahihi kwenye ule ukurasa mwingine, kila mtu ashike njia yake.

Nukta akamtazama shangazi yake. Maisha yake yote alikuwa ameruka alipoambiwa aruke. Aliruka mawingu, aliruka mahubiri, siku moja aliruka harusi nzima ya kitabuni aliyokuwa akiisubiri kwa hamu. Kwa kutii huko ndivyo alivyoijua kazi ya kuandika.

"Hapa siruki, shangazi," akasema. Kisha akamgeukia mhariri. "Ukurasa wangu unaingia kama ulivyo. Kama hauingii, kitoe kitabu shindanoni."

"Nitakitoa leo hii."

"Kitoe."

Mhariri akasema sikio la kufa halisikii dawa, akakusanya karatasi zake, akaelekea mlangoni. Nukta hakumsindikiza. Alijua panya wamepata riwaya nyingine. Akaishika karatasi vizuri, akaanza upya tangu neno la kwanza, kwa sauti ya kufika barabarani. Msusi. Miguu iliyovimba. Kitabu. Shangazi alilia waziwazi na hakumzuia tena.

Alipofika mwisho, Nukta akaikunja karatasi. Shangazi akajifuta macho kwa mkono wa blauzi, akaokota kitana, akamrudisha nesi kichwa mbele.

"Nukta," akasema.